"Kinga ya Asili": Istilahi Moja, Dhana Mbili

Tangu UVIKO-19 ulipozuka mwishoni mwa mwaka 2019, istilahi "kinga ya asili" imetumika sana katika maandishi ya afya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo inabebeshwa dhana mbili tofauti, na kwamba kasoro hiyo yaweza kumdhuru msomaji.

Dhana ya kwanza ni ulinzi ambao mtu huzaliwa nao. Seli iliyovamiwa na virusi huitambua RNA ya kigeni, kisha hutoa interferoni, protini iliyogunduliwa na Isaacs na Lindenmann mjini London mwaka 1957. Protini hiyo huzitahadharisha seli jirani. Ulinzi huu haungoji kumjua adui. Dhana ya pili ni ulinzi ambao mtu huupata baada ya kuugua. Huu humkumbuka adui yule yule aliyekwisha kuingia.

Tuchukue sentensi hii: "Virusi vya korona hukwepa kinga ya asili." Kwa dhana ya kwanza, sentensi ni sahihi. Virusi vya SARS-CoV-2 huzalisha RNA yao ndani ya vifuko vya utando, wasikoonekana na walinzi wa seli. Tena huivisha ncha yake alama ifananayo na ya seli yenyewe. Protini yao iitwayo Nsp1 huziba njia ya ribosomu, na ORF6 huuzuia ujumbe wa interferoni usifike katika kiini cha seli. Hata kitenzi "kukwepa" kinatosheleza nusu tu: mbinu mbili za kwanza ni za kujificha, mbili za mwisho ni za kuhujumu.

Lakini msomaji aliyezoea dhana ya pili atadhani kwamba aliyepona hana ulinzi wowote, jambo ambalo si kweli. Naye akisoma kwamba kila mtu anayo kinga ya asili, huenda akaona chanjo haina haja.

"Kinga ya kuzaliwa" haitufai, kwa kuwa itachanganywa na ile ambayo mtoto mchanga huipata kwa mamaye. Tunapendekeza "kinga tangulizi" kwa dhana ya kwanza, na "kinga itokanayo na ugonjwa" kwa ya pili. Hadi istilahi hizo zitakapojadiliwa na kusanifiwa, mfasiri aeleze kwa maneno kamili ni kinga ipi aikusudiayo.