Vitabu Nilivyoviacha Njiani

Katika semina zetu za shahada ya umahiri sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba kitabu hakukimaliza. Kila mmoja "amekipitia". Kitenzi hicho kinasitiri mengi. Hata Chalinze wengi tumeipitia, usiku, tumelala, kichwa kwenye kioo cha basi.

Mimi ninavyo kadhaa nilivyoviacha njiani, na kinachonishughulisha zaidi ni Nagona cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka 1990. Nimekianza mara nne. Si kirefu, kurasa zake hazifiki mia. Mtu anayekaa kwenye foleni za Dar asubuhi na jioni angekimaliza ndani ya wiki moja bila kuhangaika. Lakini kila mara naishia karibu na palepale. Msimulizi asiye na jina anatembea katika nchi iliyokauka, anakutana na watu wanaosema kwa mafumbo, wakiwemo wanafalsafa waliokufa zamani, kisha sura mpya inaanza kana kwamba iliyotangulia haikuwahi kuwapo. Ninapouliza "halafu ikawaje?" kitabu hakinijibu. Baada ya muda nachoka kuuliza, nakiweka chini.

Uhakiki wa Nagona niliousoma umejaa udhanaishi, uhalisiajabu na usasaleo. Sikatai hata neno moja kati ya hayo. Ila sijakutana na makala inayosema wazi kwamba kitabu hiki kinachosha, kisha ikauliza uchovu huo una kazi gani. Tunaandika kana kwamba msomaji ni mashine: ukurasa unaingia, dhamira inatoka. Mahali msomaji alipofunga kitabu napo ni ushahidi, tena mzuri, kwa sababu hapo ndipo kitabu kilipomdai kitu ambacho hakuwa nacho, au hakutaka kukitoa.

Ushahidi wangu mkubwa nimeupata nyumbani Mwanza, likizo ya Desemba. Nilimpa mdogo wangu wa kidato cha tano Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi huyohuyo, ya 1971, iliyowahi kuzuiwa mashuleni. Alikaa nayo mchana kutwa. Aliitwa kuja kula, hakuitika. Alimchukia Zakaria kama anayeishi naye nyumba moja, akamhurumia Regina, akamfuata Rosa mpaka mwisho wake mchungu. Hapo akanirudishia kitabu, kurasa kadhaa zikiwa zimebaki.

"Dada, si ameshakufa? Sasa hizi nyingine ni za nini?"

Sijasikia swali zuri zaidi ya hilo kuhusu Rosa Mistika, na nimekaa kwenye semina nyingi. Kurasa hizo zinatupeleka kwenye hukumu ng'ambo ya kifo. Hadithi ya kijiji cha Ukerewe, tuliyoiamini kwa kila tone la pombe ya Zakaria, inatoka barabarani ghafla na kupanda mahali ambapo basi halifiki. Walimu hutuambia kwamba Kezilahabi aliandika kihalisia katika miaka ya 1970 kisha akabadilika alipofika Nagona na Mzingile. Mimi naona mlango wa Nagona ulikuwa wazi tangu kitabu cha kwanza. Mdogo wangu aliposimama mbele ya mlango huo alifanya nilichofanya mimi miaka yote: hakuingia. Mpaka pale mwandishi alikuwa akijibu "halafu?" Kuanzia pale akaanza kuuliza "kwa nini?", na anayeulizwa ni sisi.

Kwa hiyo naona mgawanyo wetu wa fasihi dhati na fasihi pendwa umekaa vibaya. Tunaamini ya kwanza ni ya darasani, ya pili ni ya likizo. Mimi likizo nasoma Muhammed Said Abdulla, na sioni kwamba napumzika. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960, kimefungwa vizuri kuliko riwaya nyingi tunazoziheshimu. Maiti inakutwa mzimuni, Bwana Msa anafikiri huku kiko chake kikifuka, naye Najum anamfuata akiwa nyuma yake hatua mbili. Kitabu chote kinavutwa na hizo hatua mbili. Najum angekuwa mwerevu kidogo tu, tungekiacha njiani. Hata hivyo, sijawahi kukirudia kitabu hicho chote. Nikishamjua muuaji, ninachokirudia ni maongezi yao wawili, kile Kiswahili cha Unguja kinachotaniana hata juu ya maiti.

Mitihani nayo ilitufundisha umalizaji wa aina yake. Vile vijitabu vya uhakiki vinavyouzwa kando ya barabara vina dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi, vyote vimepangwa tayari kwa kukaririwa. Ninawajua watu waliopata alama nzuri kwa Vuta n'kuvute ambao hawakuwahi kufika nusu yake. Siwalaumu. Swali lilitaka hoja tatu kwa kila riwaya, na hoja tatu walizitoa.

Kitabu kingine nilichokiacha ni Paradise cha Abdulrazak Gurnah, cha 1994. Nilikianza kwa Kiingereza mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nikakiacha kabla msafara haujaingia bara. Kiingereza chenyewe hakikunisumbua. Kilichonichosha ni kwamba kila Khalil alipofungua mdomo nilimsikia kwa Kiswahili, nikawa natafsiri kichwani kurudi nyumbani, sentensi kwa sentensi, kazi mbili kwa bei ya moja. Mwaka 2022 ikatoka tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi. Nilikinunua, nikapanda nacho basi la Mwanza. Mtoto Yusuf, anayechukuliwa kulipia deni la baba yake na tajiri aliyezoea kumwita ami, safari hii hakunipa kazi ya ziada. Nilimfuata tu, Dodoma ikapita, Singida ikapita.

Baba mmoja aliyekaa kiti cha pembeni alikuwa akilitazama jalada kwa muda mrefu.

"Binti, hicho ni kitabu cha dini?"

"Hapana, baba. Ni hadithi ya mtoto aliyetolewa kulipa deni."

Aliomba akione. Nilikuwa nimebakiza sura moja lakini nikampa, akavaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza. Alisoma kutoka Nzega mpaka Shinyanga bila kusema neno, kisha akanirudishia kwa mikono miwili na kuanza kutafuta mzigo wake.

"Niambie basi," alisema akiwa amesimama. "Huyu mtoto, kwao wanakuja kumkomboa?"

Kondakta alikuwa ameshagonga bodi. Nikamwandikia jina la kitabu nyuma ya tiketi yake.