Makao na Hiari ya Mtu

Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahame Dar es Salaam yaende Dodoma, na mwaka 1976 Mpango Kabambe wa mji huo ukatolewa. Mpango huo wastahili kusomwa kama isomwavyo kazi ya fasihi, kwa kuwa ndani yake mna mhusika: mwananchi aishiye katika mtaa mdogo, aendaye sokoni kwa miguu, na kwa safari ndefu hupanda basi lipitalo katika njia yake lenyewe. Mhusika huyo ni mwema, wala simbezi. Ila hana shangazi, hana rafiki wa barazani, hana kitoweo akipendacho.

Ndipo lilipo kosa. Kwa zaidi ya miaka arobaini watumishi wengi walibaki pwani, nasi washairi tukawakemea. Mimi nami nilitunga shairi la beti kumi na mbili, nikawaita wapenda starehe. Nalo nililiandikia Temeke, nyumbani kwangu! Leo nikilisoma naona haya. Sikuuliza kwa nini mke wa karani, ambaye genge lake limekwisha kupata wateja, akatae kulifunga. Mtu hapendi mahali kwa kuamriwa. Mapenzi hayo hufumwa polepole, kwa jirani, kwa msiba na kwa harusi.

Tena hayaelekei upande mmoja. Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo aliyezaliwa mkoa huo huo wa Dodoma, alifanya makao yake Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, na zeze lake halikuacha kusema Kigogo. Nani angethubutu kumwita msaliti?

Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, tulisifu majengo. Hatukuziimba familia zilizogawanyika: baba Dodoma, mama na watoto Dar es Salaam, na Ijumaa jioni stendi kujaa watu wenye mikoba. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, safari ya basi ya kutwa imekuwa ya saa nne hivi, na baadhi yetu tumepata ndani yake njia ya kutohama. Mwenzangu mmoja ofisini hurejea kila Jumapili usiku na samaki wa kukaanga aliofungiwa na mkewe, na Jumatatu mchana hutugawia. Katika beti zangu kumi na mbili hayumo.