Upishi Unaoanzia Juani

Mgeni wa kujitolea anayetaka kujifunza upishi wa Kisukuma karibu kila mara hupelekwa jikoni. Anafungwa khanga kiunoni, anaketishwa kwenye kigoda, anakabidhiwa mwiko, na mbele yake maji yanatokota. Watoto wanajazana mlangoni kumtazama akisonga ugali. Unga unafanya madonge, mkono unachoka, mama mwenyeji anaupokea mwiko na kumalizia, watu wanapiga makofi. Ni furaha ya kweli na sina ugomvi nayo. Lakini hapo mgeni ameshika ncha tu ya ufundi wenyewe. Kazi kubwa ilifanyika uani, miezi mingi kabla, juani.

Wageni hawa si wapya nchini. Peace Corps ya Marekani ilianzishwa mwaka 1961, enzi za Rais Kennedy, na mwaka huohuo Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana wake. Hapa Mwanza wapo wanaokuja Hospitali ya Bugando, wapo walimu, wapo Wajapani wanaoletwa na shirika la JICA. Wa wiki tatu huondoka na picha ya mwiko. Wa mwaka au miwili, wanaopanga chumba Kisesa au Igoma na kuzoea kumwamkia jirani “Mwangaluka mayu” kila asubuhi, hao Juni huwakuta hapahapa.

Juni masika yamekwisha. Viazi vitamu vinachimbwa matutani kwa wingi kuliko tumbo linavyoweza kumaliza, na kiazi kibichi hakina subira, kitaoza au kitaliwa na wadudu. Hapo ndipo wanawake wa Usukuma wanapoonesha umahiri wao. Kwa michembe, viazi huachwa vinyauke kidogo, vikamenywa, vikakatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi, vikaanikwa. Kwa matobolwa, huchemshwa kwanza, ndipo vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa. Matobolwa ni matamu, unayatafuna yalivyo, njiani au shambani. Michembe ni migumu, husubiri sufuria, na ikishaiva ikachanganywa na karanga zilizotwangwa, mtu hasahau ladha yake.

Mtazame anayejua kukata. Hana ubao. Kiazi kiko kiganjani, kisu kinakuja kuelekea dole gumba na kusimama pale panapotakiwa, kipande kinaangukia ungoni, huku yeye anazungumza habari za msiba wa jana. Kipande kikiwa kinene, nje hukauka na ndani hubaki na maji, kisha ukungu unaingia. Kikiwa chembamba mno, kinavunjikavunjika na kuwa makombo. Hakuna kipimo kilichoandikwa popote. Nimewaona wageni wakikata nusu ungo asubuhi nzima, vipande vyao vikiwa na unene wa kila aina, na mama akivipekua taratibu, vinene akivitenga ili viliwe usiku huohuo. Hasemi neno. Kesho yake mgeni mwenyewe anatenga vyake kabla hajaambiwa.

Halafu kuna jiwe. Miamba ya Mwanza hupigwa picha sana, hasa ule wa Bismarck uliosimama majini, lakini sifa yake nyingine haiingii kwenye picha: jiwe likishapata moto mchana kutwa hulihifadhi joto hata jua likizama, na kilichoanikwa juu yake hukauka kwa chini pia. Si kila jiwe linafaa. Linatakiwa lenye mteremko kidogo ili umande usituame, lililofagiwa, lisilofikiwa na mbuzi. Tena kuna kulisoma anga la ziwani, kujua wingu lipi linapita na lipi litashusha maji, kwa maana michembe iliyolowa siku ya pili haina tena thamani. Ile iliyokauka sawasawa hufungiwa ghalani, na ndiyo inayolisha nyumba msimu wa kilimo, mahindi ya mwaka jana yakiwa yamekwisha na mapya bado machanga. Hapo ndipo heshima yake ilipo.

Kijana wa Kijapani hapati shida kuielewa kazi hii. Kwao, hasa mkoa wa Ibaraki, viazi vitamu huivishwa kwa mvuke, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa katika baridi kavu ya kipupwe, navyo huitwa hoshi-imo. Ni matobolwa kabisa. Kiazi chenyewe asili yake ni Amerika, na watu wa visiwa vya Pasifiki walikuwa nacho kabla Columbus hajavuka bahari mwaka 1492. Huko Tonga, katika visiwa hivyo, mpaka leo mgeni wa kujitolea akifundishwa kupika kwa mawe ya moto ardhini, atakikuta kiazi hichohicho kati ya vyakula vinavyofukiwa. Lakini kila nchi imekitafutia njia yake ya kukitunza, na hii ya kwetu inastahili kutajwa pamoja na nyingine bila haya.

Udaga, yaani mihogo iliyovundikwa na kukaushwa, ni somo zito zaidi. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Wazee wetu waliishinda sumu hiyo bila maabara: mihogo humenywa, ikarundikwa na kufunikwa, au ikalowekwa, mpaka ilainike, ikaparuzwa ukungu, ikavunjwavunjwa, ikaanikwa hadi iwe kavu kabisa, ndipo ikatwangwa. Kila hatua inaipunguza sumu, na kila hatua inataka siku zake. Mwaka 1985, Tarime ilipokumbwa na ukame, njaa iliwafanya watu wazikate siku hizo. Wakapatwa na konzo, maradhi yanayopooza miguu ghafla na kuiacha hivyo maisha. Mgeni anayekunja pua kwa harufu ya udaga uani angeambiwa habari hiyo kwanza. Harufu ile ni dalili kwamba kazi inafanyika.

Na si bahati kwamba ugali wa udaga unaliwa na dagaa. Mwili unaiondoa sianidi kwa msaada wa salfa inayotoka kwenye protini, na samaki wanayo protini hiyo. Dagaa nao wana jua lao. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, alfajiri wanamwagwa mchangani au juu ya chanja, na mwanamke anawageuza mpaka wakauke pande zote. Waliokauka juu ya chanja hawana mchanga; waliotoka chini huoshwa kwa maji ya vuguvugu, tena na tena, kabla ya kukaangwa na vitunguu na nyanya. Ukienda soko la Mwaloni Kirumba utawaona wanunuzi wakimega dagaa kwa vidole na kuwanusa. Mgeni akiujua huo mmego, amejifunza jambo.

Nawapenda wageni wanaovumilia mpaka hapo. Kazi ya kuanika haina makofi wala watazamaji, na malipo yake yanakuja mama anapoimimina michembe ya mgeni kwenye gunia moja na ya kwake, bila kuitenga, kwa kuwa ameshaivunja vipande viwili akasikia mlio unaotakiwa.

Kwa hiyo ningeomba wanaopanga ratiba za wageni hawa, na familia zinazowapokea, wawalete Mei. Wapewe kisu kabla ya mwiko. Wachimbe viazi, wamenye, wakate, waanike, wakimbizane na wingu la mchana. Wajue udaga wa jirani ulianza kurundikwa lini na utatwangwa lini. Mwiko wataushika Desemba, watakapousonga unga walioutwanga wenyewe.