Vidole viwili vya Mwenda: jinsi Masanga ilivyopigwa

Masanga haina neno hata moja. Ni gitaa tupu kwa dakika tatu hivi, ambazo ndizo zilizotosha upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78. Aliyelipiga alikuwa kijana wa miaka 22 hivi huko Jadotville, mji wa migodi wa Katanga ambao sasa unaitwa Likasi. Mwaka ulikuwa 1952. Tangu hapo Jean-Bosco Mwenda alirekodi nyimbo nyingi, karibu zote kwa Kiswahili cha kwao, na wapenzi wake huzikumbuka kwa maneno yake. Lakini anayetaka kuujua ufundi wa mtu huyu na aanze na kipande hiki kisicho na maneno. Pasipo sauti ya mwimbaji, mkono hauna pa kujificha.

Kazi za Mwenda husifiwa kwa upana wake: rumba, nyimbo za nasaha, za mapenzi, na vipande vya gitaa pekee. Upana huo hautokani na wingi wa noti. Alijenga juu ya nguzo tatu tu za sauti, zile zile ambazo mwanakwaya yeyote wa Cheptais, huku kwetu Mlima Elgon, anazijua kwa solfa: do, fa na so. Mwimbaji wa kanisani akiambiwa afanye kazi ya miaka zaidi ya 30 kwa do, fa na so atauliza kama ni adhabu. Mwenda aliifanya, na siri yake iko katika namna alivyoligawia kazi gumba na namna alivyoigawia shahada.

Alipiga kwa vidole hivyo viwili tu vya mkono wa kulia. Gumba hushughulikia nyuzi nzito, shahada huchukua nyembamba. Wapigaji wengi wa gitaa kavu katika nchi hii yetu, kuanzia mlimani Cheptais, kuteremka Chwele hadi Bungoma, na upande ule wa Kitale, hupiga hivyo hivyo, kwa hiyo jambo hilo lenyewe halitushangazi. La kushangaza ni gumba. Katika mtindo wa Marekani uliopewa jina la Merle Travis, gumba huruka kutoka uzi mmoja wa besi hadi mwingine bila kubadili mwendo, na wimbo huachiwa vidole vya juu. Gumba la Mwenda halikukubali kazi hiyo ya ulinzi. Linaanza na besi, kisha linapanda na kuchukua kipande cha wimbo, linateremka ngazi kwa ngazi huku shahada ikishikilia juu, halafu linanyamaza kabisa pale ambapo sikio lilikuwa limeshazoea kulisikia. Anayesikia Masanga mara ya kwanza huapa kuna watu wawili, mmoja wa solo na mwingine wa besi. Kipande hiki hakikurekodiwa kwa kuongeza sauti juu ya sauti, basi ulichosikia ndicho kilichotoka kwenye mikono ile miwili, moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho.

Pana hesabu ndani yake ambayo ni rahisi kuijaribu mezani. Hesabu moja hadi sita, kwa kasi iliyo sawa, urudie bila kukoma. Mkono wa kushoto ugonge kwenye moja na nne. Mkono wa kulia ugonge kwenye moja, tatu na tano. Mkono wa kushoto umegonga mara mbili na wa kulia mara tatu katika muda ule ule, na mikono hukutana kwenye moja tu. Mvutano wa mbili na tatu ndio unaoiendesha Masanga. Usikilize mara moja ukifuata besi, na mara ya pili ukifuata nyuzi za juu, utaona mguu wako unabadili mwendo ingawa muziki ni ule ule. Mwenda haamui upande upi ni sahihi. Anakuacha hapo katikati, na kila unapodhani umeukamata mwendo wake, gumba linaingia mahali pengine.

Haya hayakutoka hewani. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 katika jamii ya Bayeke, watu ambao chimbuko lao ni upande wa Unyamwezi: Msiri, mfanyabiashara aliyetoka huko, alisimika ufalme wake Bunkeya katika karne ya 19 na akatawala hadi alipouawa mwaka 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold. Migodi ya shaba ya Katanga ikaja kukusanya wafanyakazi wa makabila mengi, Kiswahili kikawa lugha yao, na santuri za Cuba zikawa burudani ya jioni. Kijana mwenye gitaa katika mji kama huo alikuwa na walimu wengi bila kuingia darasani.

Aliyemrekodi ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya kazi yake Afrika Kusini na ambaye mwaka 1954 alianzisha huko maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika. Watu wa huku Elgon wana sababu ya kumkumbuka Tracey. Mwaka 1950, miaka miwili kabla ya Jadotville, alikuwa Kapkatet akiwarekodi Wakipsigis, ndugu wa Wasabaoti wetu kwa lugha, na hapo ndipo alipopata Chemirocha, wimbo wa wasichana uliozaliwa kutokana na santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers. Wasichana wale walimchukua mpiga gitaa wa mbali, wakamtia ndani ya muziki wa kinubi. Mwenda alikwenda kinyume chake: alichukua gitaa lenyewe, akalipiga kwa akili ya kinubi. Namaanisha mzunguko mfupi unaorudiwa, kila mara ukiwa na badiliko dogo, mpaka badiliko lenyewe ndilo linalosikilizwa. Yeyote aliyekaa karibu na mpiga litungu wa Kibukusu kwenye dansi ya kamabeka, au aliyemsikia mzee wa Kisabaoti na kinubi chake cha bukandit, anajua ninachosema. Mpiga litungu haulizwi wimbo unaishia wapi.

Masanga ilipata tuzo ya Osborn mwaka huo huo wa 1952, na Mwenda akajulikana mbali kuliko alivyoweza kusafiri. Baadaye mtaalamu David Rycroft aliichukua kazi yake kwa uzito uliostahili, akaandika noti zake kwa makini na kuchapisha uchambuzi katika jarida la African Music, sehemu mbili, 1961 na 1962. Neno alilolichagua kwa kichwa cha makala hayo ni ubunifu wa papo hapo, na hapo namuunga mkono. Masanga ni ghala la vifungu vifupi ambavyo Mwenda aliviita kadiri alivyotaka, mara kifungu hiki mara mbili, mara kile mara tano, kimoja kikiachwa kabisa. Ndiyo maana wanafunzi wanaoikariri Masanga ya 1952 noti kwa noti hutoa kitu kilicho sahihi na kisicho na uhai. Wamekariri jibu la siku moja.

Nikipita haraka kwenye nyimbo zenye maneno, kama Bombalaka, Mama na Mwana, Bibi Theresa na Tambala Moja, ushauri wangu ni mmoja: sikiliza gitaa linafanya nini mwimbaji anapoanza, na linafanya nini anaponyamaza. Sauti inapoingia, mkono hupunguza maneno yake; gumba linakuwa na adabu zaidi na shahada inarudia kifungu kimoja au inatembea pamoja na wimbo, noti mbili mbili. Mwimbaji akimaliza ubeti, gitaa linafunguka. Mapengo hayo kati ya beti ndiyo Masanga ndogo ndogo. Ukiyakusanya na kuyaunga, utapata muziki wa gitaa pekee uliofichwa ndani ya nyimbo ambazo watu wanadhani wanazipenda kwa sababu ya maneno.

Si kila kazi yake ni ya kiwango hicho. Zipo nyimbo ambazo mkono umeazima kutoka wimbo mwingine na maneno peke yake ndiyo mapya. Mtu anayerekodi kwa wingi hawezi kuepuka hilo, na kampuni ya santuri ilitaka bidhaa. Lakini hata hizo zina faida kwa anayejifunza, kwa kuwa zinaonyesha vifungu ambavyo mkono wake ulivirudia bila kufikiri, ili tutambue alipofikiri.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, na sauti yake ikasikika redioni akiitangaza dawa ya Aspro. Binamu yake Edouard Masengo naye alikuja Kenya. Santuri zilikuwa zimeshatangulia. Magharibi mwa Kenya zilikuta vijana ambao tayari walikuwa na gitaa, na wengine walikuwa na mkebe uliotiwa nyuzi za breki ya baiskeli. Aliyejibu kwa nguvu zaidi ni George Mukabi wa Kisa, bwana wa mtindo wa gitaa uitwao omutibo, aliyefariki mwaka 1963.

Ukiziweka kazi za Mukabi na za Mwenda pamoja, tofauti inaonekana kwenye gumba tena. Mukabi analiacha gumba lifanye kazi ya ngoma. Besi yake inasukuma, na nyuma yake mna mapigo ya sukuti. Kisha anaongeza chupa ya soda inayogongwa kwa chuma. Chupa hiyo inashika pigo lisilobadilika ambalo Mwenda alikataa kulishika, na kwa hiyo mchezaji hapotei. Ni muziki bora zaidi wa kuchezea dansi. Kwa kusikiliza, naona chupa inatunyima kitu: ukishaambiwa pigo liko wapi, ule mvutano wa mbili na tatu unapoa. Najua wapenzi wa omutibo hawatakubaliana nami, na Mukabi ana majibu yake katika vipande vya gitaa kati ya beti zake, ambavyo havina cha kuona haya mbele ya mtu yeyote wa Katanga.

Mwenda alipiga mbele ya Wamarekani kwenye tamasha la Newport mwaka 1969, na mwaka 1988 akarekodi tena Cape Town, akiwa mtu mzima. Masanga ilikuwamo. Mkono ni ule ule, do, fa na so ni zile zile, lakini vifungu vimepangwa upya. Nawashauri wenye kujifunza wazisikilize hizo mbili kwa kufuatana, ya 1952 na ya 1988, kabla hawajagusa uzi. Kisha wachukue kifungu kimoja tu, kile cha mwanzo, wakipige kwa gumba na shahada mpaka waweze kubadili kazi ya gumba bila shahada kuyumba. Aliye na haraka ya kupiga kipande chote hatafika. 

Mwenda alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Rekodi zake zipo na zinapatikana. Wapigaji wa gitaa kavu wa Cheptais, Kapsokwony na Sirisia hawajarekodiwa inavyostahili, na wengi wamezeeka. Kijana mwenye simu nzuri anaweza kuianza kazi hiyo Jumapili hii: aweke simu karibu na mkono wa kulia wa mzee, mbali kidogo na kinywa chake, amwombe apige kipande kimoja bila kuimba, kisha akirudie siku nyingine. Na kwa watangazaji wetu wa redio za huku, ombi ni dogo: ubeti ukiisha na gitaa likabaki peke yake, tafadhali msiseme saa ngapi.