Shorobo wa Ross: Kutoka Msituni hadi Maabara

Shorobo wa Ross (Musophaga rossae) ni ndege wa msituni mwenye urefu wa nusu mita hivi, rangi ya zambarau iliyokoza, mdomo wa njano na kishungi chekundu. Katika maeneo yanayoizunguka Lubumbashi, mji ulio Katanga, hutegemea zaidi mushitu, ile misitu ya kijani inayofuata mito na chemchemi katikati ya miombo. Kwa hiyo kumtafuta huanza kwa kutafuta maji, kisha mkuyu wenye matunda yaliyoiva.

Husikika kabla ya kuonekana: mmoja huanza kukoroma kwa sauti nzito, wenzake wakadakia. Kelele zikikatika, kuzifuata mbio ni kumfukuza. Afadhali kutulia na kuelekeza darubini kwenye matawi manene, kwani kidole chake cha nje hugeuka mbele na nyuma, naye hukimbia juu ya tawi kama kindi. Kivulini zambarau huonekana nyeusi, hivyo wengi humpita. Akiruka tu, mabawa hufunguka mekundu kabisa. Hata hapo haifai kuamua upesi: shorobo wa Schalow, aliye wa kijani, naye ana mabawa mekundu na huishi Katanga. Mdomo wa njano ndio unaokata shauri.

Wekundu huo una kisa chake. Mwaka 1869 mkemia Mwingereza Arthur Church alieleza jinsi alivyoutoa kwenye manyoya ya jamii ya shorobo. Aliyaloweka katika maji yenye alkali hafifu, rangi ikayeyuka. Akatia asidi, ikajitenga na kutuama. Alipoichunguza alikuta shaba ndani yake, akaiita turasini. Takriban asilimia 7 ya uzito wake ni shaba. Wekundu wa ndege wengi hutokana na rangi wanazozipata katika chakula; shorobo huitengeneza mwenyewe mwilini, jambo adimu sana.

Kwa mji kama Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, kishawishi cha kumhusisha ndege huyu na migodi ni kikubwa. Hakina msingi. Shorobo wanaoishi mbali na mgodi wowote wana turasini ileile, kwa kuwa kiasi kidogo cha shaba kilichomo katika matunda ya kawaida huwatosha.