Moto Haunyooshi Mshale

Ukimwona mwindaji wa Kihadzabe karibu na Ziwa Eyasi akigeuzageuza ufito juu ya makaa, kisha akiubana kwa meno na kuuvuta kwa mikono miwili, utadhani kazi yote imefanywa na moto. Ndivyo wageni wanavyosimuliwa: Wahadzabe hunyoosha mishale kwa moto. Lakini ukifuata yanayotokea ndani ya mti, sehemu ya moto ni fupi, tena ndiyo rahisi kuliko zote. Kinachounyoosha mshale ni mkono, na kinachoufanya ubaki umenyooka ni kupoa.

Kwanza, kombo lenyewe linatoka wapi? Fito za mishale hiyo mara nyingi hukatwa kwenye vichaka vya jamii ya mkole, ambavyo hutoa machipukizi marefu, membamba na yenye nyuzi imara. Uzuri wake ni huo, lakini chipukizi hata liwe zuri vipi halikui kama rula. Kila palipotoka jani au kitawi, mti umepinda kidogo, na palipopinda nyuzi zake nazo zimepinda. Gome likishabambuliwa na ufito ukaanza kukauka, upande mmoja husinyaa kuliko mwingine, na makombo mapya huzaliwa juu ya yale ya zamani.

Hapo ndipo methali ya samaki mkunje angali mbichi inapoishia njiani. Ni kweli ufito mbichi hukunjika kwa urahisi, lakini ukiuachia hivyohivyo, utakapokauka utakwenda unakotaka wenyewe. Mafundi wa sehemu nyingi duniani hufunga fito mbichi kwenye mafungu ili zikauke zikizuiana. Hilo hupunguza kombo bila kulimaliza. Kinachobaki hushughulikiwa wakati ufito umeshakauka, na mti mkavu haukubali kukunjwa mpaka upate joto.

Sababu imo katika ujenzi wa mti. Nyuzi zake ni za selulosi, ambayo haiyeyuki wala hailegei kirahisi. Nyuzi hizo zimeshikanishwa na lignini pamoja na hemiselulosi, na gundi hiyo ndiyo inayosikia moto. Mti ukiwa na unyevu, lignini huanza kulainika hata kabla ya nyuzijoto 100. Ukikauka kabisa, joto hilo hupanda kupita 130. Nyuzijoto 200 zikikaribia, mti wenyewe huanza kuharibika: hubadilika rangi, hupoteza nguvu, na baadaye hugeuka mkaa. Kwa hiyo fundi anafanya kazi katika nafasi nyembamba, na kadiri ufito ulivyokaushwa kupita kiasi ndivyo nafasi hiyo inavyozidi kubana. Unyevu kidogo uliobaki ndani si kasoro. Ni msaada.

Ndiyo maana ufito hauchomekwi ndani ya ndimi za moto. Hushikwa juu ya makaa au hupitishwa kwenye majivu ya moto, huku ukizungushwa, kwa kuwa mti hupitisha joto polepole na ngozi ya nje inaweza kuungua kabla moyo haujapata habari. Mkono wa mzoefu ndio kipimajoto: ufito uliokuwa unarudi kama springi sasa unakubali kusukumwa.

Sasa ndipo penye utaalamu hasa. Mti uliolainishwa kwa joto hukubali kubanwa kwa kiasi kikubwa, lakini kuvutwa haukubali ila kidogo sana. Unaponyoosha kombo, upande uliotuna unabanwa na upande uliobonyea unavutwa. Ukiharakisha, nyuzi za ule unaovutwa hukatika, wakati mwingine kwa mlio mdogo usioacha alama ya kuonekana. Mshale wa namna hiyo utaonekana safi mkononi na kuvunjika siku ya kurushwa. Kwa hiyo fundi husukuma taratibu, hupitiliza kidogo upande wa pili kwa kuwa mti utarudi kiasi, kisha hutulia. Hushikilia mpaka gundi igande tena. Anayeachia mapema amepoteza makaa yake bure.

Meno yanafaa kwa sababu hiyohiyo. Ili ukunje sehemu fupi ya ufito bila kusumbua sehemu nyingine, unahitaji egemeo moja na nguvu mbili pembeni. Meno ni egemeo, mikono ni nguvu, na taya husikia mti unavyolegea mapema kuliko jicho. (Daktari wa meno angekuwa na maoni mengine.) Wenyeji wa kale wa California walitumia jiwe laini lililochongwa mfereji: jiwe lilipashwa moto, ufito ukabanwa mferejini, na joto na egemeo vikapatikana mahali pamoja. Japani, mafundi wa mishale ya mianzi hupasha mwanzi juu ya mkaa kisha huukunja kwa kijiti chenye mkato wa mshazari kiitwacho tamegi. Mwanzi una masharti yake: nguvu yake iko kwenye ganda la nje, ndani ni wazi, na kombo hujificha kwenye vifundo. Ukiusukuma kwa pupa katikati ya pingili, ganda hubonyea na halirudi.

Unyoofu wa kiasi gani unatosha? Upinde wa Kihadzabe huweza kuhitaji nguvu ya kilo 30 na zaidi kuuvuta, na mshale unaoachiwa kwa nguvu hiyo haubaki umenyooka hata kidogo. Hujikunja ukizunguka upinde, kisha hutikisika huku na huku hewani mpaka manyoya yautulize. Kwa hiyo kinachotafutwa si uzuri wa kupimwa kwa kamba. Kibiongo kidogo katikati huvumilika, mradi chembe na mkato wa kutilia ugwe viwe kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana mwindaji hufumba jicho moja na kuutazama mshale kutoka mwisho hadi mwisho, akiuzungusha.

Na kazi haiishi. Mvua na umande hurudisha unyevu, mshale uliogonga ardhi ngumu hupinda, na kombo la zamani hukumbuka njia yake. Wanaume kambini hurudia kukagua na kunyoosha mishale ileile mara kwa mara. Kombo lililo baya zaidi ni lile linalojitokeza chini ya manyoya, kwa kuwa joto linalotosha kulainisha mti linatosha pia kuunguza unyoya na kuharibu kano zilizoushikilia. Hapo hakuna ujanja wa makaa: ama unaliacha kombo na kuujua mshale wako unavyopotoka, ama unafungua kano, unatoa manyoya, na kuurudia ufito ukiwa mtupu.