Twanga, Ponda, Saga, Funda

Bibi yangu wa Ng'ambo alikuwa na vinu viwili, na kila kimoja na kazi yake. Kikubwa, cha mti, kilikaa uani kungoja mpunga. Kidogo, cha shaba, kimo cha gilasi ya chai, kilikaa jikoni juu ya rafu, nacho kilijua iliki, karafuu na pilipili manga basi. Siku moja nilipondea thomu ndani ya kile cha shaba, nikakifuta kwa kitambaa tu. Chai ya jioni ile ilinuka mchuzi. Nilipewa ndimu na majivu nisugue mpaka adhana ya magharibi. Tena nilikuwa na bahati: shaba ukiisugua husamehe, mti hunywa harufu ukaiweka.

Kiswahili hakikuridhika na neno moja kwa kazi hii. Mpunga hutwangwa, thomu hupondwa, unga husagwa, nafaka ikivunjwa chengachenga imepaazwa. Viungo vikipigwa kwa utaratibu hadi vilainike, hufundwa, na ni neno lile lile la kungwi akimkalisha mwari ndani. Neno kinu nalo limetembea. Lamu na Unguja lilikuwa jina la mashine ya kukamua mafuta ya ufuta, ngamia akizunguka siku nzima macho yamefungwa. Leo tunasema kinu cha nyuklia bila hata kucheka.

Bibi alianza iliki kwa kuimenya, maganda akayatupia kwenye buli. Punje nyeusi zikaingia kinuni pamoja na chembe za sukari, maana sukari huzikwaruza zisiteleze. Kiganja cha kushoto kilifunika mdomo wa kinu, mchi ukipita kati ya vidole, kwa kuwa punje isiyopasuka huruka. Mapigo ya kwanza yalikuwa mepesi, ya wima. Baadaye mlio mkali wa shaba ulizibwa, ukawa mzito, naye hapo hapo aliacha kupiga akaanza kuzungusha, akisugua ukutani mwa kinu. Hakuchungulia hata mara moja. Pilipili manga ya pilau aliiacha mapema, ingali na vipande, ili mlaji akutane nayo jinoni.

Harufu ya kiungo imo ndani ya mafuta yaliyofichwa kwenye punje. Ukiipasua mafuta hutoka, na joto huyarusha hewani. Ndiyo maana mimi na blenda hatuelewani sana: kisu chake kinakwenda mbio, kinapata moto, na ile harufu inayojaa jikoni na kusifiwa na wageni ni harufu ambayo haitafika chunguni.

Jiwe la kusagia ni kongwe kuliko kilimo chenyewe. Watu walisaga mbegu za mwituni maelfu ya miaka kabla ya kupanda hata shina moja. India wana jiwe bapa na jiwe la kuviringisha, wakisagia viungo vibichi na maji kidogo, nalo likichakaa na kuwa laini huchongwa upya lipate meno. Meksiko wana molcajete, kinu cha jiwe la volkano chenye miguu mitatu, kilichosaga pilipili kali karne nyingi kabla ya sisi kuionja, maana pilipili ile haikutoka Amerika ila baada ya 1492. Ilipofika pwani yetu ilikuta kinu tayari, ikachukua na jina. Ile ya zamani, ya Malabar, ikabidi iitwe pilipili manga. Wafaransa wa Peugeot, kabla ya kuunda gari, walitoa kinu cha pilipili manga mwaka 1874: meno ya juu huvunja punje, ya chini huilainisha. Fundi aliyebuni hayo alielewa alichokielewa bibi, kwamba kupasua na kusaga ni kazi mbili.

Kinu cha shaba sasa ninacho mimi, ghorofa ya tatu. Hukiweka juu ya khanga iliyokunjwa mara nne ili jirani wa chini alale. Ijumaa moja asubuhi alipanda akabisha hodi, nami nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Mkononi alikuwa na sahani ya uzile uliokaangwa, ungali unatoa moshi. Blenda yake ilikuwa imeungua.

Nikamkaribisha ndani, nikamwambia tuuache upoe kwanza.